Mama Mektilda na Vidonge vya Mapacha

Tarehe 30 Juni 1997 Mama Mektilda Kapinga anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ya zahanati yetu hapa Mbinga. Alitoka kwao Mbaha, ziwani, akiwa na cheti kimoja na tabia ya kutoamini kitu mpaka akione kwenye darubini. Padri Egidi humtania kwamba ipo siku ataomba hata divai ya misa aipime kwanza.

Majibu ya mdomoni nayo hakuyaamini. Tangu biashara iwe huria maduka yamejaa vidonge vya maumivu, viwili viwili katika karatasi, ndiyo maana watu wanaviita mapacha. Wachuma kahawa huvimeza asubuhi na chai. Mgonjwa akiulizwa kama anatumia dawa, hujibu hapana, wala hadanganyi: kwake dawa ni ya hospitali, mapacha hununuliwa pamoja na chumvi. Mama alipogundua hilo akaongeza swali: "Na mapacha je?" "Aa, hayo kila siku, mama!"

Mimi ninayeandika, Florian wa mapokezi, nilimkasirikia kwa swali hilo. Mwaka 1995 nilikojoa damu. Wote walisema kichocho. Mama alinipima siku tatu, mayai ya kichocho hakuyaona.

"Florian, ziwani uliingia lini, wewe unayeogopa maji kama paka?"

Kuhusu mapacha nilimwambia nameza mara mojamoja. Ukweli ni kila siku kwa miaka tisa, kwa ajili ya mgongo, Mungu anisamehe. Hakuniamini. Alinisindikiza hadi stendi, akasubiri basi liondoke nami kwenda hospitali kubwa.

Ilikuwa saratani ya kibofu, ingali ndogo, wakaitoa. Daktari alisema dawa fulani ya zamani ya maumivu, ikitumiwa miaka mingi, inajulikana kuleta saratani ya njia ya mkojo. Kama ilikuwemo katika vidonge vyangu hakuweza kusema, karatasi haikuandikwa kitu. Mama naye hasemi ndiyo. Anashuku tu, na wenye maduka wakimwona anakuja huyageuza maboksi asisome maandishi.

Jumanne iliyopita alinipima kwa mara ya mwisho. Damu hakuna. Hakuridhika, akapima tena. Kisha akaandika kwenye kadi yangu tarehe ya Desemba, wakati yeye hatakuwepo kunifuata. Nimeahidi mbele ya Mungu kwamba nitakwenda mwenyewe.

Asante, mama. Ukae Mbaha kwa amani na miaka mingi, na afya yako nayo uitilie shaka kidogo.