Jibu Lililotolewa kwa Jina Langu

Mheshimiwa Mkurugenzi, ndugu watafiti na wauguzi, wageni waalikwa, na wewe mke wangu uliyekwisha kutazama saa mara tatu kabla sijafungua kinywa, hamjambo?

Mimi ni seremala, shule niliishia kidato cha nne, na nimeoa wiki tano zilizopita nikiwa na miaka hamsini na minane. Mkiniona natabasamu ovyo nivumilieni, ndoa bado inanukia vanishi.

Leo mnamuaga mtu aliyechunguza bakteria kwa miaka thelathini na mmoja. Mimi najua alichonieleza tukimenya viazi: kwamba bakteria hupeana jeni kama majirani wanavyoazimana kiberiti, na aliyepewa, dawa iliyomuua jana leo anaicheka. Ni yeye aliyegundua kwamba homa ya matumbo iliyokuwa ikiwarudia watoto wodini ilipata nguvu hiyo kwa bakteria wengine, wapole, wanaoishi matumboni mwetu. Dawa ikabadilishwa, watoto wakarudi kwao. Je, yupo mwanamume hapa mwenye mke kama huyu? Usijibu, mzee wa stoo, mkeo anakusikia.

Nilimpataje? Kwa kumharibia kazi. Niliitwa kutengeneza rafu za maabara, nikakuta visahani arobaini vya kuoteshea bakteria, vyote kifudifudi. Nikavionea huruma, nikavigeuza kimoja kimoja. Kesho yake:

"Fundi, nani kagusa visahani vyangu?"

"Mimi, daktari. Vilikuwa vimepinduka, nikakuokolea."

"Umeniokolea! Tunavilaza hivyo makusudi, matone ya mfuniko yasidondokee bakteria. Sasa hapa nina uji mtupu!"

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaanza upya, visahani vyote arobaini, bila kununa. Nikampenda palepale. Rafu zile nilizitengeneza mara sita, ndugu zangu, na hazikuwa na kasoro.

Nitakalosema sasa halimo kwenye karatasi. Juzi Mkurugenzi alimwomba asistaafu kwanza. Homa ile imezuka mbali na hapa, na hata dawa mpya imeanza kushindwa. Aende mwaka mmoja, awafundishe wenzake kuzisoma jeni za bakteria hao. Jibu la mwisho linatakiwa leo, lakini tayari ameshasema hapana. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Nimeolewa juzi tu, Fundi. Nikuache na nani?"

Maneno matamu kiasi gani! Niliyalalia kama mto. Lakini tangu siku hiyo hatulii. Anapanga vikombe, anavipangua. Redio ikitaja wagonjwa, anainuka, anakaa, chai inapoa. Hata sasa mguu wake unagonga chini ya meza, walio karibu wanausikia. Nami pia situlii. Karakana yangu ina mafundi wanne wanaonitegemea, siwezi kumfuata, na nasema kweli mbele yenu: sitaki aende. Mwaka! Hata akienda sokoni namchungulia dirishani. Lakini nitamkumbatiaje mtu ambaye mikono iko kwangu na roho iko wodini kwa watoto wa watu?

Mheshimiwa Mkurugenzi, ile hapana ilitolewa kwa jina langu, na mimi sikuulizwa. Naiondoa. Mke wangu, kisingizio huna tena. Jibu lililobaki ni lako mwenyewe, na lolote utakalosema, mumeo ni huyu huyu.

Asanteni sana kwa masikio yenu. Nampisha kwenye kipaza sauti, maana naona ameshasimama.