Bi Twaiba, Dobi Aliyejifunza Kuuliza

Bi Twaiba Shutu aliingia kazini kwenye dobi ya hoteli yetu hapa Galu tarehe nne Novemba mwaka 1991. Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, anastaafu. Ni miaka thelathini na minne kasoro siku chache. Katika miaka hiyo mameneja wanane wamekuja na kuondoka, mashine tano za kufulia zimekufa na kuzikwa nyuma ya stoo, na yeye siku zote tumemkuta pale pale mlangoni, leso kiunoni, akiuliza nani kaamka na nani hakuamka vizuri.

Nimepewa kazi ya kuandika mimi Mishi, wa meza ya kukunja, kwa sababu nimekaa naye karibu miaka sita. Masomo yangu yaliishia darasa la nane, kwa hivyo nitaandika kama ninavyosema. Mtanivumilia.

Alipoanza alikuwa na miaka ishirini na sita, na bintiye Hasina bado ananyonya. Kila alfajiri alitoka kwao Waa akiwa ameshamwacha mtoto kwa nyanyake. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufua taulo za bwawa la kuogelea, kwa mikono, ndani ya karai, maana mashine ilikuwa moja na ilikuwa ya mashuka tu. Baadaye akapelekwa kwenye pasi, kisha akawekwa kwenye madoa, na hapo ndipo jina lake lilipotoka. Wa zamani wanakumbuka bibi harusi aliyekalia sahani ya achari ya embe saa moja kabla ya nikahi. Bi Twaiba aliomba ndimu, sabuni ya kipande, na watu wote wanyamaze. Gauni lilitoka jeupe, na harusi ikachelewa dakika ishirini tu.

Kuna pia yale meno. Mgeni mmoja mzee aliyasahau kwenye mfuko wa kaptura, yakapita kwenye mashine na kutoka yaking'aa kuliko yalivyonunuliwa. Bi Twaiba aliyaweka kwenye kisahani, akayafunika kwa kitambaa cha meza, akakatiza nayo ukumbi wa chakula watu wakinywa chai. Luqman, mhudumu wetu, akadhani ni oda.

"Meza gani hiyo, Bi Twaiba?"

"Meza ya yule asiyetafuna, mwanangu."

Mwaka 2009 akawa msimamizi wa zamu. Waliopita mikononi mwake ni wengi, na wote wanajua kulikunja shuka lenye mpira likalala kama karatasi. Mpaka leo nikishika shuka namsikia: "Pembe kwa pembe, Mishi. Shuka halina haraka, mwenye haraka ni wewe."

Lakini waulizeni wafanyakazi wa hapa watakachokikosa. Hawatataja mashuka wala madoa. Watauliza: nikifiwa, nani atakuja? Maana sote tunajua kwenda matangani. Tunapanda gari la hoteli, tunakula, tunasema pole, tunarudi. Bi Twaiba alikuwa anakuja tanga likishaondolewa, majamvi yakishakunjwa na masufuria ya watu yakisharudishwa, na mfiwa amebaki na kuta zake.

Mambo hayo hakuzaliwa nayo. Aliyajifunza kwa kukosea, na kosa lenyewe hulisimulia mwenyewe bila kujificha.

Mwaka 2004 Kilonzo wa bustani alifiwa na mkewe, Mumbe. Kwake ni kule Shimba Hills, kwenye mashamba ya skimu. Siku ya nne baada ya mazishi Bi Twaiba alikwenda na wenzake wawili wa dobi, wakakuta nyumba iko juu chini: vyombo vimejazana, nguo za watoto ni mlima. Kilonzo alikuwa shambani akimkatia ng'ombe majani. Wao ni madobi, watafanya nini? Walifua. Walifua mapazia, mablanketi, mashuka, nguo za walio hai na za aliyekwenda. Kufika alasiri kamba tatu zimejaa na nyumba nzima inanukia sabuni. Wakakaa kizingitini wamefurahi, wakamngoja mwenyewe.

Kilonzo akaingia, akatazama msumari wa nyuma ya mlango.

"Kitambaa cha Mumbe kiko wapi? Kile cha kichwa?"

Bi Twaiba alimwonyesha kambani, tena kwa majivuno, kwamba hata lile doa la mafuta limetoka. Kilonzo alikichukua kikiwa bado kibichi, akakiweka puani.

"Kilikuwa na harufu yake, Mama Hasina," akasema. "Usiku nilikuwa nakilalia."

Halafu akawashukuru kwa adabu zake zote, akaenda kumpa ng'ombe majani.

Akilisimulia jambo hili Bi Twaiba husema: "Kazi yangu ni kutoa uchafu, mwanangu. Lakini siku ile ningejua pa kuutafuta, wallahi ningeurudisha."

Wengine wangeona haya, wasirudi tena. Yeye alirudi mwezi uliofuata, akaomba radhi, na safari hii hakugusa kitu. Aliuliza: "Kilonzo, hapa ndani kinachokushinda ni kipi?" Kilonzo akasema ni nywele. Alikuwa na wasichana wawili wa shule, kupika anajua, kufua anajua, lakini kusuka hajui, na kila Jumatatu watoto walikuwa wakichekwa darasani. Watu wote waliokwenda pale na unga na sukari, hakuna hata mmoja aliyekuwa amewaza nywele. Basi kila baada ya Jumapili moja, akitoka zamu ya asubuhi, Bi Twaiba alipanda Shimba Hills na kitana chake, mpaka yule mkubwa alipojua kumsuka mdogo.

Tangu hapo akawa hafanyi kitu kwa mfiwa bila kuuliza. Na maswali yake yalikuwa madogo, ya kujibika. Hakuuliza unaendeleaje, kwa sababu, alisema, hilo ni swali la kumfanya mtu aseme uongo. Aliuliza: nikae au niende? Nikutajie jina lake au bado? Hii redio niizime?

Ngina, mwenzetu kutoka Kitui, alipokwenda msibani Waa mara ya kwanza alikuwa ametunga hotuba ndefu njiani, na mistari ya Biblia ndani yake. Bi Twaiba akamshika mkono mlangoni: "Sema makiwa. Wakikujibu tunayo, nyamaza, chukua kisu, menya vitunguu." Ngina anasema alimenya ndoo nzima, akalia na wenye msiba, na hakuna aliyejua ni vitunguu au ni yeye.

Mimi nilimpoteza mtoto wangu Amin mwaka wa juzi, akiwa na miezi mitatu. Watu walikuwa wema sana kwangu. Waliniambia mimi bado mdogo, nitapata mwingine. Walio na watoto wachanga walibadilisha njia ili nisiwaone. Jina la Amin likawa halitajwi, kama kwamba sikumzaa. Bi Twaiba alikuja wiki ya tatu, akavua viatu, akaniuliza nikae au niende. Nikamwambia kaa. Baadaye sana akauliza: "Amin alikuwa akipenda nini?" Nikamwambia alikuwa akipenda feni. Ilikuwa ikiwashwa, anacheka. Hayo maneno sikuwa nimemwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Niliporudi kazini nilikuwa nimekwisha kata shauri kuacha, maana hapa tunafua pia vile vishuka vya vitanda vya watoto wa wageni, na wenzangu walikuwa wakivificha nikiingia. Nilikuwa naviona vikifichwa. Bi Twaiba akavileta mezani waziwazi. "Hivi nikupe wewe au nimpe Ngina?" Nikasema mpe Ngina. Kesho yake akauliza vile vile, na kesho kutwa. Siku ya kumi na tisa nikasema nipe mimi. Hakunipongeza. Aliviweka tu mbele yangu akaenda zake kwenye pasi. Leo nina Twaiba mdogo wa miezi minane, na kazi yangu ninayo.

Sasa yamemfika mwenyewe. Tarehe sita Septemba mumewe, Mzee Jaafar, fundi baiskeli wa pale Waa, alifariki ghafla. Bi Twaiba yuko ndani, anakaa eda hadi katikati ya Januari. Ndiyo maana mtu tunayemuaga leo hamumwoni ukumbini.

Hapo sisi wanafunzi wake tulikaribia kuvuruga. Bwana Swabir wa ofisini, kwa moyo mzuri kabisa, alipanga tumshtukize. Tukodi basi, twende Waa na keki na ngoma ya chakacha, tumfute machozi. Sote tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Kilonzo, ambaye mwakani naye anastaafu, alikuwa ameegemea mlango na mkasi wake wa ua mkononi. Akasema neno moja tu: "Mmemuuliza?"

Miaka yote hiyo ametuuliza sisi, na siku yake ilipofika hakuna aliyekumbuka kumuuliza.

Tukatumwa Ngina na mimi. Tulimkuta amekaa mkekani, leso nyeupe, hana manukato, amekonda. Shikamoo, marahaba, makiwa, tunayo. Tukanyamaza kama alivyotufundisha. Kisha Ngina akamuuliza: "Bi Twaiba, tukufanyie nini?"

Alitutazama kwanza mmoja, kisha mwingine. Akasema: "Ninyi ndio wa kwanza kuniuliza." Akalia, na sisi tukakaa.

Alipojifuta uso akasema sherehe tufanye, tule, tusome habari zake na tucheke panapochekesha. Ngoma tuache. Halafu akatueleza linalomshinda. Siku yake ya mapumziko, tangu 1991, ilikuwa Jumanne. Na Mzee Jaafar kila Jumanne alifunga kibanda chake, akashika jiko yeye. Majirani walimcheka, mwanamume gani huyo anakuna nazi, naye akiwajibu: aliyeoa vizuri. Siku nyingine sita, alisema Bi Twaiba, nazimudu. Jumanne haipiti.

Tukamwambia basi Jumanne tutakuja wawili wawili, tutakuletea wali, samaki, kila kitu, wewe usiinuke.

"La," akasema. "Vyakula vya watu nimeletewa mpaka nimechoka, Mungu awalipe. Njooni mikono mitupu. Jumanne zote hizo nilipikiwa mimi. Sasa nataka kumpikia mtu."

Hilo tusingelijua kamwe. Tungefika na masufuria yetu, tukamnyang'anya jiko, na tukarudi Galu tumefurahi.

Bi Twaiba, kwa niaba ya dobi, bustani, jikoni na ofisi, asante. Asante kwa mashuka, kwa gauni, kwa meno ya yule mzee. Asante kwa kila mlango ulioubisha wengine wakishaondoka. Mola akujaalie uimalize eda yako salama, na amrehemu Mzee Jaafar. Tunakutakia afya, usingizi mwororo, wajukuu wa kukusumbua, na maisha mema yasiyo na kengele ya zamu.

Bwana Swabir amekubali kuzipanga upya siku zetu za mapumziko, na orodha ya kwenda Waa kila Jumanne hadi Desemba imebandikwa ukutani. Jumanne hii ni Ngina na mimi, na Twaiba mdogo mgongoni. Hatuleti kitu. Tutakuja na njaa.