Kishubaka cha Sindano

Leo kijiwe kimechemka kuliko kahawa yenyewe. Lile jengo la ng'ambo ya barabara kila mtu anajua lilikuwa nyumba ya ibada, ila hakuna anayejua ya akina nani. Fundi cherehani wetu, Sindano, anashonea humo. Asubuhi alikuwa anaparua ukuta apake rangi mpya; chini ya njano ikatoka kijani, chini ya kijani chokaa, na nyuma ya chokaa kishubaka, kijishimo cha ukutani cha kuwekea vitu, kilichochongwa maua. Habari zikaifikia kamati ya mtaa, na alasiri wanakuja kuamua kama jengo lirudi kwenye ibada. Likirudi, vyerehani nje. Sindano hata kukaa hakuweza. Alisimama na kikombe chake, akituomba tumpe la kusema.

— Hiyo kijani ni ya sinema, akasema Redio, mlinzi mstaafu. Mimi nilikata tiketi pale. Watu walilia humo kuliko kwenye ibada yoyote.

— Kabla ya sinema lilikuwa ghala la mahindi, akadakia Kinyozi. Hicho kishubaka ni cha paka wa kukamata panya.

— Paka gani huyo wa kuchongewa maua?

— Paka wa serikali.

Tulicheka mpaka benchi likalia. Redio hakukubali kushindwa. Akadai waliojenga waliabudu mwezi, na kishubaka ndimo mwezi ulimolala mchana. Kinyozi akaapa kwamba wangekuwa watu wa mwezi, paa lingeachwa na tundu.

— Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, akahitimisha. Waumini walipanda, wakashuka, wakaenda zao. Waambie kamati hivyo, mdogo wangu, kesi imekwisha.

— Kaka, nina gauni la bibi harusi mezani. Nipeni neno la maana, naogopa.

Hapo akatokea bibi mmoja, mgeni kwetu, amebeba kitambaa kwenye mfuko. Tukamwamkia, akaitikia, akasema anamtafuta fundi ampime gauni. Sindano akamwonyesha mlango. Bibi akavuka, akafika kizingitini, akachungulia ndani. Alipokiona kishubaka akasita, akatugeukia na kupaza sauti.

— Wanangu, humu naingia na viatu au navua?

Redio akamtazama Kinyozi. Kinyozi akatazama kahawa yake. Sote tukamgeukia Sindano, maana jibu lolote lingekuwa la kamati pia: kuvua ni kukiri kwamba ni pa ibada. Akaweka kikombe chini, akavuka barabara, na alipofika mlangoni akainama, akavua vyake kwanza.