Olipa wa Sinema Ashuka Nchelenge

Benchi yetu ilikuwa mbele ya kibanda cha Ngosa, fundi baiskeli, pale barabara ya Kabuta inapopinda kuelekea ziwani. Ngosa tulimwita Pompi, maana alijaza upepo hata kwenye maneno. Mwewa, mchuuzi wa samaki aliyezoea kwenda Elisabethville, mji wa ng'ambo, na kurudi na habari, alikuwa Gazeti. Ba Fanwell hakuwa na jina la utani, ila hiyo Ba ya heshima. Alikuwa mtu wa kanisa, mwenye mtumbwi, na tulimwogopa kidogo. Mimi nilipika kahawa. Asubuhi ile ya mwaka 1957 habari ilikuwa moja: Olipa Kapembwa wa Kilwa, kisiwa cha ziwani mwetu, yule tuliyemwona kwenye shuka jeupe la sinema akiwa muuguzi, wazungu wa Elisabethville walikuwa wamemfukuza kazi.

Gazeti alisema chanzo ni mume, mpiga tarumbeta wa kule kule. Alikuwa anamfungia mke ndani kwa wivu, sababu kwenye picha daktari alimshika mkono.

— Si ni dakitari ya bongo, ya uongo tu? Pompi aliuliza.

— Ya bongo, ndiyo. Lakini mukono ilikuwa ya kweli.

Pompi akasema mume si kitu, shida ni sauti. Muzungu wa kamera alitaka Olipa aseme Kifaransa, akakataa, basi wakaivuta sauti yake kwa mashine na kumpa mwanamke mwingine. Tangu siku hiyo anafungua mdomo, hakitoki kitu.

Gazeti hakukubali kushindwa. Olipa, alisema, alikufa mwaka jana kwa huzuni, na huyu wa picha mpya ni mutu wa Kasai aliyepakwa rangi. Pompi akapanda juu zaidi: Olipa walikuwa watatu tangu mwanzo. Mmoja wa kulia, mmoja wa kucheka, na mmoja wa kuanguka majini.

— Mutoto wa Kilwa anaanguka toka mu mtumbwi namna ile? alisema. Haiwezekani.

Ba Fanwell akatuambia tumwache mtoto wa watu, alibatizwa siku ile ile aliyobatizwa binti yake yeye. Pompi akamuuliza kwa adabu kabisa ni yupi kati ya wale watatu aliyebatizwa. Hata Ba Fanwell alicheka.

Tulikuwa bado tunacheka pale kamiyo, lori la kutoka Mwansabombwe, iliposimama. Mwanamke akashuka na sanduku moja, viatu vya kisigino mkononi. Tulimtambua kabla hajasema neno. Gazeti akaangalia ndani ya kikombe chake.

Olipa alipiga magoti kidogo, akatusalimia, akaketi mwisho wa benchi. Nilimpa kahawa. Alikuwa amekonda. Sauti yake ilikuwa ile ile tuliyoisikia kwenye sinema, ila imechoka.

— Niliandika barua mbili, sikupata jibu. Mama yangu, Idah, angali muzima?

Tulijua tarumbeta ya mumewe, tulijua mashine ya muzungu. Kilwa iko pale mbele yetu, na miezi mingi hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza habari za Idah.

Ba Fanwell aliweka kikombe chini.

— Muzigo ni hii tu, mayo? alisema, kwa heshima ya kumwita mama.

Akabeba sanduku, wakaenda ziwani.

Ba Fanwell alirudi kesho yake mchana, nasi tukamzunguka. Alisema katikati ya maji Olipa alimweleza mwenyewe, bila kuulizwa. Aliugua, akalazwa wiki tisa, na kazi ikapewa msichana mwingine. Mume alikuja kumwona mara moja tu.

— Ni hiyo tu? Gazeti aliuliza, kama mtu aliyepunjwa.

— Ni hiyo tu.

Pompi ndiye aliyeuliza habari za mama. Ba Fanwell alisema walimkuta Idah ufukweni akianika samaki. Barua zote mbili alikuwa nazo, amezifunga kwenye kitambaa, hazijasomwa, maana mwalimu aliyekuwa akimsomea alihama. Alimpapasa binti yake uso na mabega, polepole, kisha akauliza kama huko kwa wazungu walikuwa wanampa chakula. Hapo Olipa akalia.

— Alilia namna gani? Gazeti alisema. Kama mu picha ile?

Ba Fanwell alifikiri kidogo.

— Hapana, alisema. Vibaya sana. Makamasi yote inje.