Ukucha Ulipokwama Kwenye Shafti

Wenzangu mliofiwa, asanteni kwa kunipa nafasi. Shule niliionja tu nikatoka. Gereji yangu hapa Kaloleni niliijenga kwa mikono hii, na injini ya dizeli hainishindi.

Mke wangu alipofariki, sikusikia kitu. Nilimzika macho makavu. Nikarudi nyumbani, nikaketi. Chai ikiletwa, nakunywa, isipoletwa, sikumbuki. Gereji ikabaki imefungwa. Watu wakasema mzee ni jasiri. Ujasiri gani, ndugu zangu? Nilikuwa kama mkono uliolaliwa.

Sasa, kabla ya msiba nilikuwa nimekubali kazi ya mama mmoja muuza samaki kule ziwani, nimfungie injini kwa mashua yake mpya. Shemeji yangu, ndugu wa marehemu, tunayefanya kazi naye, akaja akasema, "Nguo zako nimezipakia. Simama." Nikasimama. Kukataa nako kunataka nguvu.

Mashua ilikuwa nchi kavu, juu ya magogo. Shemeji akaipanga injini na shafti, kile chuma kirefu kinachozungusha propela, hadi zikanyooka. Mimi nilishika spana nilizoambiwa nishike. Yule mama akanitazama. "Mzee, umekuja kufunga injini ama kuombewa?" Vijana wake wakacheka. Sikukasirika, na mnanijua kwa hasira.

Mashua ikasukumwa majini. Vijana wakataka kuwasha papo hapo, nyavu ziko tayari. Shemeji akasema tumeshapima, iko sawa. Mimi nikainama, ni mazoea tu. Mashua ikielea, mbao zinatulia kivingine, injini na shafti zinaachana kidogo. Ndiyo maana kipimo cha mwisho hufanywa majini. Nikapitisha ukucha pale zinapoungana. Ukakwama. Unene wa karatasi, basi. Lakini ukiendesha hivyo shafti inatikisika, inapanua tundu inapopitia, maji yanaingia, na watu wako mbali na ufuo.

Nikasema, "Hakuna kuwasha."

Wakanung'unika. Mama akaniuliza kama samaki watamngoja. Nikamwambia, "Samaki watarudi kesho. Hawa vijana wako wakizama, hawarudi." Hasira ilikuwa imenipanda, kitu cha kwanza kunipanda tangu kaburini. Nikalegeza bolti, nikaweka vibati chini ya mguu wa injini, nikapima, nikatoa, nikaweka tena, hadi ukucha ukapita.

Halafu nikasikia njaa. Yule mama akatukaangia samaki. Nikala. Shemeji akaacha sahani yake, akaanza kulia, mtu mzima, mbele ya wavuvi. Nikamuuliza nini.

"Dada yangu sijamlilia," akasema. "Nilikuwa nakungoja wewe usimame."

Namshukuru, yule pale nyuma. Namshukuru na yule mama kwa mdomo wake. Nanyi nawaambia, mwenzenu akifa ganzi, msimwambie ajipe moyo. Mpelekeni kazini, na mkumbuke kuuliza ni nani anayembeba.

Mimi asubuhi nyingi bado sisikii kitu. Nafungua gereji hivyo hivyo. Shemeji akitaka kulia, analia, mimi nashika spana.