Ziwa la Diani

Enos mwenyewe hakatai kwamba alikosa. Mwaka wake wa kwanza Diani, alipokuwa akifua mashuka nyuma ya hoteli, pahali ambapo hata upepo wa bahari haufiki, alitafuta mtandaoni picha ya ufuo wa kupendeza akamtumia mama yake kule Budalang'i, ukingoni mwa ziwa. "Mama, hapa ndipo ninapofanyia kazi." Mama Concepta akaizungusha ile picha kijiji kizima mpaka kanisani, na huko binti wa katekista akaitazama vizuri akasema, jamani, huu ni ufuo wa nchi nyingine, hata maandishi ya hicho kibanda cha pichani si ya Kenya. Enos alitubu kwa Mungu, akatubu na kwa mama. Wote wawili walimsamehe, ila mama hakuamini tena picha yake yoyote. Sasa miguu ya mama imekufa ganzi, na safari ya pwani haiwezekani. Enos alibaki na haja moja tu: mama aione bahari kwa simu, na aamini kwamba ameiona.

Jumamosi moja ya mapumziko, asubuhi, akaipeleka haja yake kijiweni. Kijiwe chenyewe kiko ubavuni mwa ukuta wa hoteli, kwenye njia ya kuteremkia ufuoni, kwa sababu hapo ndipo waifai ya wageni inapovuja. Benchi limeelekezwa ukutani ili simu zishike vyema, na bahari iko nyuma ya migongo ya watu. Mwenye kahawa ni mzee Kibwana. Pembeni yake hukaa Fondo, aitwaye Pasipoti kwa kuwa ameizunguka dunia nzima kwa video bila kuvuka feri ya Likoni. Wa tatu ni Rai, jina la kijiweni Hakimu, kwa vile hakuna kesi isiyomhusu.

— Shikamoo, mzee Kibwana.

— Marahaba, Enos. Mbona uso umekunjika hivyo?

— Ni mama. Jana nimempigia kwa video, nikamwonyesha maji yote yale. Anasema ni ziwa.

— Ziwa? Diani?

— Anasema maji anayajua, amezaliwa kando yake. Ati nimehamia Kisumu na naona haya kumwambia.

Rai alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu.

— Nimeshaamua. Mama ana haki. Mtupa jongoo humtupa na mti wake.

— Methali hiyo inaingiaje hapa? akauliza Kibwana.

— Itaingia tu. Iache ikae.

— Mwonyeshe meli, akasema Fondo. Mimi nimekaa Norwe wiki nzima, najua. Mtu akiona meli, basi.

— Norwe ulikaa lini wewe?

— Juzi. Mpaka chaji ilipoisha.

Enos akaisimamisha simu juu ya kreti ya soda, jicho la kamera likaelekea baharini, akapiga. Dada yake Immaculate akapokea, akamwekea mama simu mbele ya kiti.

— Mama, unaiona ile meli kule mbali?

— Naiona. Hata huku meli iko. Inabeba mchanga.

Fondo akapiga mluzi. Kavumbi, anayewapandisha wageni ngamia pale ufuoni, akamsogeza ngamia wake mpaka akajaa kwenye kioo.

— Na huyu, mama?

— Huyo ni ngamia mzuri sana. Anakunywa maji ya wapi?

— Ya bomba, mama.

— Basi na yeye ametembelea ziwa.

— Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, akahukumu Rai. Enos, teremka uyanywe. Uso wako utatoa ushahidi.

Enos akateremka hadi kwenye jiwe lililokuwa likipigwa na maji, akachota kiganja kimoja, akanywa mbele ya simu. Machozi yakamtoka.

— Mama, ni chumvi tupu.

— Hata dawa ya malaria, klorokwini, ulikuwa unaikunjia uso hivyo kabla hujaionja.

Immaculate alisikika akicheka huko bara. Enos akarudi benchini akaketi kwa uzito, mgongo wake kwa bahari kama wenziwe, wala hakukumbuka kuikata simu.

— Tumtumie maji kwenye chupa, kwa basi, akasema Kibwana akimmiminia kahawa.

— Atasema nimetia chumvi ya duka.

— Tuite kadhi, padri na chifu, akasema Rai. Wasimame majini mpaka magotini, waape.

— Mama yangu atauliza kwa nini watu wazima wamelowa.

— Huko Japani wana simu za kutumbukiza majini, akasema Fondo. Tumpate nyangumi mmoja tu. Nyangumi hasemi uongo.

— Nyangumi utampata wapi wewe, na hata dagaa unamnunua aliyekaangwa? akadakia Rai. Na kuona kwa simu si kuona. Harufu iko wapi? Upepo je? Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Methali imetoroka tena. Mimi nimeona theluji, Hakimu. Nimeona msikiti wa dhahabu, nimeona milima inayotema moto, na moyo wangu ukamsifu Aliyeviumba. Wewe umezaliwa hapa. Bahari umeitazama lini?

— Kila siku.

— Kila siku unatazama simu yangu.

Hapo ugomvi ukawa mkubwa. Kahawa ikapita mara ya pili, ikapita mara ya tatu, kashata zikaisha, jua likapanda mpaka utosini. Rai alikuwa amefika kwenye hoja kwamba samaki wa ziwani na wa baharini wapambanishwe mbele ya mashahidi, ndipo sauti ikatoka nyuma yao.

— Enos.

Wakashtuka wote. Uso wa mama ulikuwa bado kwenye simu, umesogea hadi karibu na kioo.

— Enos, nani anachota hayo maji?

Wakageuka. Pale Enos alipoinama kunywa palikuwa pakavu, kaa wakikimbizana. Boti ya kutembeza wageni imelalia ubavu mchangani. Mbele kabisa, palipokuwa bahari, wanawake walikuwa wakitembea kwa miguu juu ya miamba wakitafuta pweza.

— Nyinyi mmepiga kelele, mimi nimekaa nayaangalia tu. Yalikuwa kwa lile jiwe. Sasa jiwe liko peke yake. Ziwa letu hata siku moja halijawahi kuondoka pahali pake.

— Mama, akasema Enos. Ni kupwa. Kila siku hutoka, kisha hujaa tena.

— Basi hilo si ziwa. Mwanangu, hiyo ni bahari. Uko Diani kweli.

Akapiga kigelegele ambacho simu ilishindwa kukibeba chote. Akamtuma Immaculate awaite majirani, waje waione bahari, iko hapa nyumbani. Kibwana akasema mashallah, mara tatu. Fondo akamkumbatia Kavumbi, na ngamia akatikisa kichwa. Rai akasema hukumu ilikuwa yake tangu mwanzo. Enos akajifuta macho kwa mkono wa shati, akamshukuru Mungu kwa sauti, bila kuona haya mbele ya mtu.

— Lakini nambieni, nyinyi mliozaliwa hapo, akasema mama. Yanakwenda wapi?

— Yanakwenda Bara Hindi, akasema Fondo. Kule saa hii wanakimbia mafuriko.

— Bahari inavuta pumzi, akasema Rai. Aisifuye mvua imemnyea.

— Yanakwenda anakoyaita Muumba wake, akasema Kibwana.

— Na huko ni wapi, baba?

Kibwana akalitikisa dele la kahawa. Lilikuwa tupu. Hakimu akamtazama Pasipoti, Pasipoti akaitazama bahari, na Enos, aliyeishi Diani miaka yote hiyo, akaona kwamba hajawahi kujiuliza.

— Sawa, akasema mama. Basi usikate simu, Enos. Sogea kando kidogo usinizibe, uketi nami hapo mpaka yarudi.