Dalmas Ajwang, Mtu wa Kusalimia Majirani wa Ploti

Mwenzetu Dalmas Ajwang amepima ploti miaka thelathini na moja, na Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, anaweka tepu chini. Mimi ndiye nimeshika upande ule mwingine wa hiyo tepu miaka ishirini na mbili, kwa hivyo anayetaka ukweli aniulize mimi.

Alitoka Ugenya na mashati mawili, akaanza kubebea ofisi yetu ya kupima na kuuza ploti, Thika, vigingi. Jicho lake? Kule Kamenu alinusa bikoni, jiwe la mpaka, iliyozikwa futi nne tukiwa bado barabarani. Tulichimba tukaipata, pamoja na sufuria ya mama fulani iliyopotea zamani. Abishe aliyekuwepo.

Lakini sifa yake kubwa ni salamu. Mnunuzi akija, Dalmas humshusha garini, akamtembeza kwa majirani, wakanywa chai na kusema ploti ni ya nani. Kisha majirani huweka sahihi kwa kaunta buku, daftari lake kubwa. Tulimcheka sana, tukimwita pasta wa mipaka.

Mwaka wa 2019 kicheko kiliisha. Mwongeli, mama wa kiwandani aliyenunua kupitia kwetu, alikuwa amejenga Mwihoko na kutulia. Mtu aitwaye Kahiga akatokea na taitoli, hati ya kumiliki ploti hiyo hiyo, akamwambia mbele ya watoto, "Mama, toa sufuria zako kwa shamba yangu, mwizi wewe!" Kortini kila mmoja aliapa alinunua kwa nia safi. Na Kahiga hakudanganya: tapeli alimwonyesha ploti kupitia dirisha la gari, akampa taitoli feki. Lakini nyumba ya Mwongeli ilikuwa karibu kubomolewa.

Dalmas akafika na kaunta buku. Jirani Waithira alikuwa ametia sahihi kwamba aliyemuuzia Mwongeli alilima nduma hapo miaka ishirini. Akaitwa, akasimama imara, na rekodi za ardhi zikasema vivyo hivyo. Mwongeli akabaki kwake. Hiyo buku niliibeba mimi, isisahaulike.

Juzi huyo huyo Kahiga alikuja kwetu, anataka ploti Ruiru. Kabla gari lizimwe, alikuwa ameruka nje, yuko kwa geti ya jirani: "Hodi! Nimekuja tu kusalimia!" Dalmas aliniangalia, akatabasamu, akafungua buku.

Asante sana, jaduong', mzee wetu. Nenda Ugenya salama, shamba likulishe vizuri, na majirani wakikuita chai, wewe kunywa tu. Kaunta buku tuachie.